Mji Mkongwe: ile misumari ya shaba milangoni ni ya tembo, ya fahari au ya kushikilia mbao? (Na mengine tunayoyapita mitaani)

#1 Nakshi na Juba
Wakuu salaam. Kila anayetembezwa Mji Mkongwe, Zanzibar, anaimbiwa wimbo uleule: ile misumari mikubwa ya shaba ilitoka India, ambako iliwazuia tembo wa vita wasisukume milango kwa vichwa. Mimi napinga. Msumari ule ulianza kama kazi ya useremala, fahari ikaja baadaye.

Mlango wenyewe una mabawa mawili, dume na jike, na kati yake unasimama mfaa, yaani mti wa katikati, uliopigiliwa kwenye bawa mojawapo. Hauna bawaba. Kila bawa linazunguka kwa kigingi kilichoingia kwenye tundu la kizingiti cha juu na cha chini. Kila bawa limeundwa kwa mbao nene zilizosimama, nazo zinashikwa na mikingamo upande wa ndani. Sasa kitu gani kinabana ubao na mkingamo? Msumari. Kichwa cha shaba kinaufunika na kuukinga na mvua ya chumvi.

Mwenye ushahidi wa tembo aulete hapa.

#2 Mpwani Halisi
Mkuu, ushahidi wa tembo upo kwenye maandishi. Al-Masudi aliyesafiri pwani hii karne ya 10 alieleza tembo wa nchi ya Zanj na pembe zilizopelekwa Oman, kisha India na China. Marco Polo naye aliandika kwamba Zanzibar ina tembo wengi.

#3 Bint Malindi
Marco Polo hakufika Zanzibar, alisimuliwa. Al-Masudi anazungumzia bara, tena anasema pembe ziliuzwa nje. Hakuna hata neno la tembo kugonga milango. Unguja huwezi kumtegemea tembo akusaidie kwenye hoja hii, ndugu yangu.

Hata hivyo nadharia ya India haihitaji tembo wawepo Unguja. Mafundi na wafanyabiashara wa Kigujarati walikuja na mtindo wao, na mtindo husafiri hata sababu yake ikibaki kwao. Kwa hiyo #1 hajaivunja, ameisogeza tu.

#4 Fundi Chokaa
Tuache maandishi, twende nyuma ya mlango. Ukiruhusiwa kuingia ndani:

Kwanza, tafuta ncha ya msumari. Kama imetokeza nyuma ya mkingamo na kukunjwa kwa nyundo ikalala kwenye mbao, huo unashika mlango. Kama hakuna ncha, msumari umeishia ndani ya ubao na ni pambo.

Pili, pima nafasi. Misumari ya kazi inafuata mstari wa mikingamo, kwa hiyo safu zake za mlalo ni chache kama mikingamo ilivyo. Ukikuta safu zimejaa mlango mzima na mikingamo haizidi minne au mitano, basi nyingi kati yake hazishiki kitu.

Tatu, sumaku. Shaba haivutwi. Ikivutwa, kichwa ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, na hapo umekutana na kazi ya juzi. Lakini angalieni: sumaku yenye nguvu inaweza kuhisi shina la chuma chini ya kichwa cha shaba, hasa kichwa kikiwa chembamba. Ipitishe pembeni mwa kichwa, si katikati.

Milango mingi ina aina zote mbili pamoja. Ndiyo maana nasema #1 yuko sahihi nusu.

#5 Nakshi na Juba
Nusu hiyo naipokea. Ila safu za ziada zinathibitisha maneno yangu: pambo huiga kazi iliyotangulia.

#6 Mtalii wa Ndani
Naomba kuuliza, mnajuaje umri wa mlango? Waongozaji wengi kila mlango wanasema ni wa "miaka mia tatu".

#7 Bint Malindi
Anza na umbo la juu. Milango ya Kiarabu ya mwanzo ina kizingiti cha juu kilichonyooka, fremu ya mstatili. Ile yenye upinde juu, imejaa maua na majani, ni ya mtindo wa Kihindi uliopata nguvu kuanzia zama za Sultani Barghash (1870 hadi 1888). Si kanuni ya chuma, kwa sababu tajiri aliyependa mtindo wa zamani aliweza kuagiza wa zamani.

Kisha soma kizingiti. Mingi ina aya ya Qur'ani, na baadhi ina mwaka wa Hijria. Zidisha mwaka huo kwa 0.97, ongeza 622. Mfano 1306: inakuja 1266.82, ukiongeza 622 unapata 1888.82, yaani mwishoni mwa 1888. Tarakimu za Kiarabu zinasomwa kutoka kushoto kwenda kulia kama hizi zetu, ingawa maneno yanakwenda kinyume. Wanaoanza hugeuza.

Yanayokosesha watu: 2 na 3 zinatofautiana kwa jino moja tu, na rangi ya mafuta ikipakwa mara kadhaa jino hilo linazibwa. Sifuri ni nukta, nayo hupotea kabisa. Mulika tochi kutoka ubavuni, karibu na ubao, usimulike usoni. Kivuli ndicho kinachosoma.

#8 Mpwani Halisi
Kwa hesabu hiyo mlango wenye 1306 hauwezi kuwa wa amri ya Barghash, maana alifariki Machi 1888 na 1306 ilianza Septemba mwaka huo.

#9 Fundi Chokaa
Unaweza, mkuu. Mlango wa nakshi nzito unaagizwa leo, unachongwa miezi mingi, na mwaka huchongwa mwisho. Amri ya mmoja, tarehe ya mwingine.

Naongeza kwa #6. Mgongo wa mlango haudanganyi kama uso. Mbao iliyochongwa kwa tezo ina mabonde mafupi yasiyolingana. Msumeno wa mkono unaacha mistari iliyonyooka yenye mwinamo unaobadilika kidogo kidogo. Msumeno wa mashine wa duara unaacha mistari ya upinde, yote ya umbo moja. Ukiona upinde nyuma ya mlango wa "miaka mia tatu", muulize mwenye nyumba fundi wake yuko mtaa gani.

Mbao pia: msaji ulitoka India, mvule bara, na mfenesi ukatwao hapahapa kisiwani. Ubao wa mfenesi mpya ni wa njano na unakolea hadi hudhurungi kadiri unavyozeeka, kwa hiyo mkwaruzo mdogo sehemu isiyoonekana unaonyesha rangi ya ndani.

Kinachooza kwanza ni kizingiti cha chini na tundu lake la kigingi, sababu maji hukaa humo. Ukikuta kizingiti cha chini kipya na mlango wa zamani, hilo ni tengenezo la kawaida. Ukikuta kizingiti cha zamani na mlango mpya, mlango wa asili umeuzwa.

#10 Mvita Kale
Na milango huhama. Mombasa na Lamu hali ni ileile. Mlango unaweza kuwa mkubwa kwa umri kuliko nyumba, au nyumba kuliko mlango. Tazameni kiungo cha fremu na ukuta: fremu ya asili ilisimamishwa ukuta ukijengwa, mawe yanaikumbatia. Fremu iliyoletwa baadaye ina pengo lililojazwa vipande na saruji pande zote.

#11 Mtalii wa Ndani
Ahsanteni. Na ile nakshi ya mnyororo inayozunguka fremu? Tuliambiwa ni alama ya nyumba ya mfanyabiashara wa watumwa.

#12 Mpwani Halisi
Hivyo ndivyo inavyosimuliwa.

#13 Bint Malindi
Inasimuliwa, lakini mnyororo upo pia kwenye milango isiyo na uhusiano wowote na biashara hiyo. Maelezo mengine ni kwamba ni ulinzi wa nyumba: mnyororo uliochongwa unarudia mnyororo halisi wa kufungia mlango. Samaki wanaelezwa kuwa uzazi, mtende neema, yungiyungi uhai. Kila fundi na kila mwenyeji ana yake.

#14 Nakshi na Juba
Kwa mchongaji, mnyororo ni ukingo mzuri. Unarudia kipimo kimoja, unazunguka kona bila kukatika, na ukikosea pete moja unaisogeza inayofuata. Sisemi hauna maana, nasema una sababu ya ufundi pia.

#15 Msomi wa Kariakoo
Mkiwa kwenye watumwa, mnasemaje kuhusu vile vyumba vya chini pale Mkunazini, karibu na Kanisa la Anglikana? Wageni wanaingizwa humo kama mahabusu ya watumwa wa soko.

#16 Bint Malindi
Hapo pana mjadala mzito na naomba tuende kwa heshima, maana uovu wenyewe uliofanyika pale haubishaniwi. Soko lilikuwapo. Barghash alitia saini mkataba wa kulifunga Juni 1873, na jiwe la msingi la kanisa likawekwa Krismasi ya mwaka huohuo juu ya ardhi ya soko. Kinachobishaniwa ni vyumba. Jengo lililo juu yake ni la wamisheni, lilitumika kama hospitali, tena lilikuja baada ya soko kufungwa. Wapo wanaosema vyumba ni ghala la jengo hilo.

#17 Mpwani Halisi
Na wapo wanaosema jengo liliwekwa juu ya vyumba vilivyokuwapo. Jengo kuwa jipya hakufanyi msingi wake kuwa mpya.

#18 Fundi Chokaa
Jibu liko kwenye kiungo cha ukuta wa chini na wa juu. Kama mawe yamefumana kutoka chini hadi juu, vilijengwa pamoja. Kama pana mstari wa mlalo ulionyooka, na udongo wa kujengea ukabadilika rangi pale, basi ni vipindi viwili. Shida ni lipu: ikishapakwa, kiungo hakionekani tena, na kuibandua lipu mahali kama hapo si jambo la kufanya kiholela.

#19 Mtalii wa Ndani
Na zile nguzo ndani ya kanisa zilizosimamishwa juu chini?

#20 Mpwani Halisi
Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi, alisafiri, mafundi wakazisimamisha kichwa chini, aliporudi akaziacha. Ziko upande wa magharibi, mlangoni.

#21 Nakshi na Juba
Mimi naona mafundi hawakuwa wajinga. Nguzo ikiwa na upande mpana na mwembamba, mtu asiyeujua mtindo huo ataweka upana chini ili isimame imara. Wengine wanasema haikuwa bahati mbaya kabisa. Ila watu wakiangalia nguzo wanasahau kutazama juu, na ajabu kubwa iko kule: paa la kuba refu la zege lililochanganywa matumbawe yaliyopondwa na saruji. Wakati huo wapo walioamini litaanguka. Limesimama.

#22 Reli ya Kati
Wakuu, mmesahau reli! Mji Mkongwe umepitiwa na treni mara mbili.

Ya kwanza ni ya Barghash, 1879, kutoka kasri hadi Chukwani. Mabehewa yalivutwa na nyumbu (chotara wa punda na farasi), kisha 1881 akaagiza kichwa kidogo cha mvuke kutoka kiwanda cha Bagnall, Uingereza. Upana wa njia futi 2, sawa na milimita 610. Alipofariki 1888, ikang'olewa.

Ya pili ilifunguliwa 1905 na kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney, maili 7 kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu. Upana futi 3, milimita 914. Abiria walikoma miaka ya 1920, ikabaki kubeba mawe, kisha ikafa. Eneo la Ngome Kongwe lilitumika kama karakana yake, na baadaye uwanja wa tenisi wa akina mama.

Kwa hiyo mtu akikuonyesha mabaki ya njia, toa futi kamba kabla hujatoa simu ya kupiga picha. Pima kutoka uso wa ndani wa reli hadi uso wa ndani wa nyingine, si katikati kwa katikati. 610 ni hadithi nyingine, 914 ni nyingine.

#23 Mvita Kale
Mombasa nayo ilikuwa na vigari vya reli vilivyosukumwa na watu barabarani, upana futi 2 vilevile. Chuma chake kilitokana na reli ya kampuni ya Mackinnon (Imperial British East Africa) iliyoanzwa 1890 ikaishia maili chache.

#24 Fundi Chokaa
#22, kwenye miji ya zamani chuma cha reli hakitupwi. Kinageuzwa kizingiti cha dirisha, nguzo ya ua, au boriti. Kinatambulika kwa umbo: kitako bapa, kiuno chembamba, kichwa cha mviringo. Boriti ya chuma ya ujenzi ina bapa mbili zinazolingana juu na chini. Reli haina. Lakini reli iliyokwishafukiwa ukutani haithibitishi kwamba treni ilipita mtaa huo. Inathibitisha tu kwamba mtu aliinunua.

#25 Reli ya Kati
Hilo nakubali kabisa.

#26 Msomi wa Kariakoo
Mizinga miwili ya shaba mbele ya Beit-al-Ajaib (Nyumba ya Maajabu)? Wengine wanasema ya Wareno walioiacha walipofukuzwa Zanzibar.

#27 Bint Malindi
Ni ya Wareno, ya karne ya 16, lakini ina maandishi ya Kiajemi. Hapo ndipo hadithi ya "waliiacha hapa" inapokwama. Waajemi waliwanyang'anya Wareno Hormuz mwaka 1622 wakisaidiwa na Waingereza. Mzinga wenye nembo ya Ureno na maandishi ya Kiajemi umepita mikono hiyo kwanza. Kutoka Uajemi hadi Oman, na Oman hadi Zanzibar, njia ziko nyingi: ngawira, zawadi, au biashara tu. Chagueni.

#28 Mpwani Halisi
Ngawira. Waomani hawakupewa mzinga wa shaba kwa kuombwa radhi.

#29 Nakshi na Juba
Shaba ilikuwa mali, mkuu. Mzinga wa shaba uliweza kuyeyushwa na kuuzwa, ndiyo maana wa chuma huachwa ukioza na wa shaba husafiri bahari hadi bahari. Mkipita pale tazameni tundu dogo la kuwashia karibu na kitako. Kama mzinga wowote tundu lake limepigiliwa msumari, uliharibiwa makusudi ili adui asiutumie. Tundu likiwa wazi, aliyeuteka aliupata mzima.

Na mnara wa saa wa jengo hilohilo, msifikiri ni wa 1883 kama jengo lenyewe. Mnara wa taa uliokuwa mbele uliharibiwa kwa mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, na huu wa kwenye jengo ulikuja baada ya hapo. Sehemu ya jengo na mnara vikaporomoka 25 Desemba 2020.

#30 Mtalii wa Ndani
Kwa nini uliporomoka jamani?

#31 Fundi Chokaa
La jengo lile waachieni waliolipima. Naeleza adui wa kawaida wa nyumba hizi, kwa sababu anaonekana kila kichochoro.

Ukuta ni matumbawe na chokaa, unene nusu mita na zaidi. Chokaa ilichomwa kwa kupanga matumbawe juu ya lundo la magogo, kisha ikazimwa kwa maji. Lipu ya kawaida ni chokaa 1 kwa mchanga 3. Ukuta huu unavuta unyevu kutoka ardhini na kuutoa kupitia lipu. Ukipaka saruji juu yake, unyevu hauna njia. Unapanda juu zaidi, chumvi inaganda nyuma ya saruji, na lipu inabanduka kwa mapande. Mwenye nyumba anaona ufa, anaongeza saruji. Wakati huo vichwa vya boriti za mikoko vilivyomo ukutani vinakaa kwenye unyevu na kuoza. Dari ndiyo inayokuja chini kwanza.

Kutambua: gonga kwa kifundo cha kidole, mlio wa utupu ni lipu iliyoachana na ukuta. Kwaruza kwa ufunguo, chokaa inatoa unga, saruji inakataa. Msitumie siki, itatoa povu kwenye vyote viwili, maana mchanga wa pwani una chembe za kombe.

Na kuna zawadi kwa mwenye jicho: ufa wenye umbo la mlango. Mistari miwili ya wima, na mmoja wa mlalo juu yake. Hapo palikuwa na mlango ukazibwa, na kizibo na ukuta vinajongea kwa namna tofauti. Nusu ya historia ya mtaa iko kwenye nyufa hizo: nani alikuwa anapita kwa nani.

#32 Mvita Kale
Kama wikio za Lamu! Vile vyumba vinavyovuka juu ya kichochoro kuunga nyumba mbili za ukoo mmoja. Ukiona ncha za boriti zilizokatwa zinatokeza ukuta mmoja, na mashimo yanayozielekea ukuta wa ng'ambo, palikuwa na wikio.

#33 Fundi Chokaa
Ndiyo. Na vyumba vyote hivi ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko ikizidi mita tatu hivi huanza kulegea ikibebeshwa sakafu ya mawe.

#34 Msomi wa Kariakoo
Zile baraza za mawe nje ya nyumba je? Ni za kukalia tu?

#35 Bint Malindi
Kukalisha wageni bila kuwaingiza ndani. Na mvua ikijaza kichochoro, watu walipita juu yake.

#36 Fundi Chokaa
Na inakinga kitako cha ukuta dhidi ya maji na magurudumu. Sababu zote tatu zinafaa, ipi ilitangulia hatutajua kwa kukaa juu yake.

#37 Reli ya Kati
Maji yakitajwa: Mji Mkongwe ulikuwa karibu kisiwa. Mkono wa bahari uliingia nyuma yake, na Darajani palikuwa na daraja kweli. Ulifukiwa kwa awamu karne ya 20. Mvua kubwa ikikutana na bamvua (bahari ikijaa kupita kawaida), mtaro wenye mdomo baharini hauwezi kumwaga, maji ya nje yako juu kuliko ya ndani.

#38 Mpwani Halisi
Au mitaro imejaa taka. Tusiisingizie bahari kila kitu.

#39 Reli ya Kati
Linganisha na jedwali la maji kupwa na kujaa. Ikifurika maji yakiwa yamekupwa, ni taka. Ikifurika kwenye kilele cha kujaa na kupungua yenyewe bahari ikirudi, ni bahari.

#40 Msomi wa Kariakoo
Nawapeleka Dar kidogo. Sanamu ya Askari, 1927, kazi ya Mwingereza James Alexander Stevenson, ambaye pia alitengeneza za Nairobi na Mombasa. Watu wanapiga picha sanamu na kuacha maandishi, nayo yako kwa Kiingereza, Kiswahili na hati za Kiarabu. Mahali hapo kwanza ilisimama sanamu ya Wissmann, gavana wa Wajerumani. Waingereza waliing'oa, ikaishia Hamburg, na wanafunzi wakaiangusha 1968. Swali langu: singe inaelekezwa bandarini kwa sababu gani?

#41 Mvita Kale
Adui hutoka baharini. Au mchongaji alifuata mandhari ya barabara tu. Sisi Mombasa tuna pembe za Moi Avenue, wageni wanadhani ni za tembo kweli au kwamba zilijengwa ziandike herufi ya M. Ziliwekwa 1952 kwa ziara ya Princess Elizabeth, na hizi za aluminiamu, mbili kila upande, ni za 1956 kwa ziara ya Princess Margaret.

#42 Mpwani Halisi
Mwaka huohuo wa 1956 Forodhani ikapata lile tao dogo la baharini kwa ziara hiyohiyo. Na mnaona? Tembo wamerudi kwenye uzi.

#43 Nakshi na Juba
Wamerudi wakiwa aluminiamu, mkuu. Bado nasubiri wa kusukuma mlango.

#44 Bint Malindi
#43, kuna jambo moja hujalijibu. Misumari mingi ina ncha kali iliyotokeza mbele, kama koni. Kama kazi yake ni kufunika kichwa cha msumari na kukinga mvua, kibonge cha mviringo kingetosha, na ni rahisi zaidi kukisubu. Ncha ni ya nini?

#45 Fundi Chokaa
Swali zuri. Maji huteleza kwenye koni na hayatuami, lakini hata kibonge hayatuami. Mwenye mlango wenye aina zote mbili, za ncha na za kibonge, atazame nyuma atuambie zipi zimekunjwa na zipi hazikukunjwa. Zikiwa zilizokunjwa ni za vibonge tu, #1 ana la kujitetea. Zikiwa za ncha ndizo zilizokunjwa, Mpwani Halisi arudi na tembo wake.